Je, Wajua Kompyuta Yako Inasubiri Nini?

Laptopu ikianza kusuasua, watu huanza kuvilaumu virusi, kisha hugeukia umri wa mashine. Katika laptopu yenye diski ya kuzunguka, mara nyingi mwenye kosa ni diski hiyo, na ushahidi upo ndani ya mashine yenyewe. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame asilimia za prosesa na diski. Kompyuta yenye diski ya kuzunguka, ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, yaweza kuonyesha prosesa iko kwenye asilimia 10 au 15 tu, huku diski imegota kwenye 100. Prosesa haina kazi, inasubiri kuletewa vitu.

Ukiifungua diski ya aina hiyo (iliyokwisha kufa, maana vumbi likishaingia ndio basi tena), utakuta sahani zinazong'aa na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea kwenye ncha. Katika laptopu nyingi sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Kichwa hakizigusi. Huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ni ufundi wa ajabu, na haustahili dharau unayotupiwa siku hizi.

Ila kinachotembea hakikosi kuchelewa. Mkono sharti usogee hadi kwenye mstari unaotakiwa, kisha usubiri taarifa izunguke mpaka ifike chini ya kichwa. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kwa wastani unasubiri nusu yake. Jumlisha na mwendo wa mkono, unapata kama milisekunde 15 kwa safari moja.

Muda huo haufikii hata kupepesa jicho. Tatizo ni wingi wa safari. Windows ikiamka haisomi faili moja kubwa. Huokota vipande vidogo vidogo kwa maelfu, kimoja huku, kingine kule. Tuseme ni vipande 10,000 vya kilobaiti 4. Jumla yake ni megabaiti 40, mzigo ambao diski hiyo hiyo ingeumaliza chini ya sekunde moja kama ungepangwa mfululizo. Vikitawanyika, mara 10,000 za milisekunde 15 ni sekunde 150, dakika mbili na nusu. Ni mtoto anayetumwa dukani mara elfu kumi, kila safari kibiriti kimoja. Kweli, mfumo una mbinu za kupunguza safari hizo, lakini haziishi.

Na hapa ndipo historia inapochekesha. Diski ya kwanza kuuzwa, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 za kipenyo cha inchi 24, ikabeba chini ya megabaiti 4. Kufikia taarifa ndani yake kulichukua takriban milisekunde 600. Tangu wakati huo ujazo wa diski umepanda zaidi ya mara milioni moja, ila kusubiri kumepungua mara 40 hivi tu.

SSD, diski ya kisasa inayochukua nafasi ya ile ya kuzunguka, haina sahani wala mkono. Taarifa hukaa kama chaji za umeme ndani ya silikoni, katika kumbukumbu ya flashi aliyoibuni Fujio Masuoka akiwa Toshiba, Japani, miaka ya 1980. Kufikia kipande chochote huchukua kama sehemu ya kumi ya milisekunde, au pungufu. Vile vipande 10,000 vinakwisha kwa sekunde moja. Mwaka 2008 Apple ilidai nyongeza ya dola 999 kwa SSD ya gigabaiti 64 kwenye MacBook Air; leo ujazo mara nne ya huo hupatikana kwa bei ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo ukitoka diski ya kuzunguka kwenda SSD, tofauti utaiona, na utaiona mara moja. Ukibadilisha mara ya pili, kutoka SSD moja kwenda nyingine yenye kasi zaidi, ni shida kuiona. SSD ya muunganiko wa SATA husoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde, ya muunganiko mpya zaidi wa NVMe yaweza kupita 3,500, lakini ukiwasha kompyuta utaokoa sekunde chache tu, kwa sababu foleni ilishaondoka na sasa ni zamu ya prosesa kufanya kazi yake. Kama huhamishi video kubwa kila siku, sioni sababu ya kulipia zaidi. Intaneti ya kinyonga haitaponywa na SSD, wala kazi ya kuhariri video inayotegemea prosesa haitaisha mapema. Na mwenye RAM ya gigabaiti 4 anayefungua kurasa ishirini atapata nafuu, ila dawa yake hasa ni kuongeza RAM.

Jihadhari na SSD za bandia: programu ya ndani imechezewa ionyeshe terabaiti 2 zisizokuwepo. Njia ya kuijua ni kuijaza mpaka mwisho, halafu kuyasoma upya yote uliyoandika. Kumbuka pia kwamba SSD ikifa, mara nyingi hutoweka kimya kimya bila kuonya.

Diski yako ya zamani ya kuzunguka usiitupe. Ndani ya kasha dogo la USB inafaa sana kutunza picha na nakala za akiba, na ikikaa kabatini muda mrefu bila umeme, sumaku yake haivuji kama chaji za SSD. Isipokuwa kama imeanza kugonga tak, tak, tak: hiyo hamisha vilivyomo leo hii.