Valvu Moja, Wimbi Lote

Katika amplifaya yenye valvu moja ya mwisho, valvu hiyo hubeba wimbi lote la sauti, juu na chini. Kwa hiyo hata muziki ukinyamaza, lazima ipitishe umeme.

Tuchukue EL84. Volti 250 kwenye anodi na miliampea 48 huipa joto la wati 12, kikomo chake. Rizista ya omu 135 huinua kathodi kwa volti 7.3 hivi, na gridi inabaki hasi. Tukipunguza omu, mkondo unazidi na valvu inaungua mapema. Tukiziongeza mno, sauti inakwaruza.

Basi tupime kabla ya kusikiliza. Na tusiguse ndani kabla kapasita hazijaisha umeme: volti hizo zinaua, hata swichi ikiwa imezimwa.