Mchezo wa kompyuta uko na mwenyewe

Mpira wa miguu hakuna mwenye kuufunga. Mchezo wa kompyuta, ambao wengine wanachezea mshahara ku inchi za mbali, ni mali ya kampuni iliyoutengeneza. Tarehe 13 Desemba 2018, Blizzard ilitangaza kwamba mashindano yake makubwa ya Heroes of the Storm hayatarudi mwaka 2019. Wachezaji na watangazaji wakabaki bila kazi, siku chache mbele ya Noeli.

Wengine wanaanza upya mu mchezo mwingine, ao wanakuwa kocha. Kwa mgeni ni ngumu zaidi, juu viza ya P-1, ile ya wanamichezo ambayo Marekani ilianza kuwapa tangu 2013, inamfunga ku mwajiri aliyeiomba. Timu mpya inapaswa kuomba tena karatasi, hata kama mchezaji ni ule ule.