Nyika ya Mkomazi na Milima ya Upare

Mtu akisimama katika mji wa Same na kutazama huku na huku, ataona jambo la ajabu. Juu, milima ya Upare imefunikwa na mawingu, na miti yake ni mibichi. Chini, nchi ni kavu, udongo ni mwekundu, na miti ni mifupi yenye miiba. Kilometa chache tu kutoka mjini lipo lango la Zange, na hapo ndipo mgeni aingiapo katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Mbona nchi zilizo jirani namna hii hazifanani? Jibu limo katika mawe na katika upepo.

Kwanza tutazame mawe. Kilimanjaro, ambao huonekana kutoka Mkomazi siku isiyo na mawingu, ni mlima wa volkano, na umri wake haufiki miaka milioni 3. Milima ya Upare sivyo ilivyo. Mawe yake yaligeuzwa kwa joto na uzito chini sana ardhini, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ukiokota jiwe kijitoni, huenda ukaona mistari myeupe na myeusi, na vipande vya ulanga ving'aavyo. Baadaye sana ardhi ilipasuka. Upande mmoja ukainuka, mwingine ukabaki chini. Ulioinuka ndio milima, uliobaki ndio nyika.

Sasa tutazame upepo. Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi ukichukua mvuke. Ukifika milima ya Usambara na Upare hulazimika kupanda, na ukipanda hupoa. Hewa iliyopoa haiwezi kushika mvuke mwingi. Basi mvuke hugeuka mawingu, na mvua hunyesha milimani. Upepo ukishuka upande wa pili umekwisha kupoteza maji yake, tena hupata joto. Mkomazi iko upande huo wa pili, kama mtu aliyekaa nyuma ya ukuta.

Hata majina ya mahali yasimulia kiu. Husemwa kwamba Mkomazi ni maneno mawili ya Kipare, kijiko na maji. Yaani, maji yasiyojaza hata kijiko. Na kimojawapo cha vilima vya huko huitwa Maji Kununua.

Lakini nyika si nchi tupu. Swala twiga husimama kwa miguu ya nyuma ili ayafikie majani mabichi, na maji yaliyomo katika majani hayo humtosha. Choroa naye huvumilia kiu siku nyingi. Tembo hawawezi hivyo. Wakati wa kiangazi wengi huvuka mpaka kwenda Tsavo, nchini Kenya, nao hurudi mvua zinyeshapo. Nchi hii ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na baadaye ikawa hifadhi ya taifa. Faru weusi walikuwa wamemalizwa na majangili. Mwaka 1997 wengine waliletwa kutoka Afrika ya Kusini, nao hulindwa ndani ya ua.

Basi, ziara ya siku moja katika nyika hufundisha jambo kubwa juu ya milima. Msitu wa Shengena, mlima wenye urefu wa meta 2,462, huishika mvua na ukungu kwa majani na mizizi yake, kisha huyatoa maji kidogo kidogo katika vijito. Wapare wa kale walilijua hilo. Wakachimba ndiva, yaani mabwawa ya kukusanya maji ya kijito usiku, ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani kwa zamu. Msitu ukikatwa, mvua hushuka kwa nguvu, huchukua udongo na kupita. Ndiva hubaki na matope. Hapo mwenye shamba la mahindi bondeni hana swala twiga wa kumfundisha kuishi bila kunywa. Atunzaye mti juu ya mlima amemtunzia maji jirani yake aliye chini.