Alizeti Singida: usinunue mashine ya kukamua kabla hujapiga hesabu hii

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Afisa, nikope ninunue mashine ya kukamua alizeti?" Wazo ni zuri. Ila pita mjini Singida mwezi wa sita uone viwanda vinavyonguruma, kisha rudi mwezi wa kwanza. Vingi vimefungwa. Mashine ni nzima, mbegu za kukamua hakuna.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mashine yako inakamua gunia 40 kwa siku. Una ekari 10, kila ekari inatoa gunia 6. Hizo ni gunia 60, yaani kazi ya siku moja na nusu tu! Zikiisha, utakamua nini?

Utasema nitanunua kwa wenzangu. Sawa. Kwa siku 26 za kazi unahitaji gunia 1,040. Gunia likiwa shilingi 50,000, hiyo ni milioni 52 kwa mwezi mmoja. Wengi hukwama hapa: hela yote imeishia kwenye mashine, ya kununulia mzigo haipo, na rejesho la mkopo halisubiri.

Kuna jambo la pili, bei. Tanzania bado inaagiza mafuta mengi ya kula kutoka nje, hasa ya mawese. Mwaka 2018/19 Serikali iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ghafi ya nje na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa, ili kumlinda mkulima. Baadaye ushuru ulipolegezwa, msimu wa 2023 bei ya alizeti ilianguka na wakulima wetu walilia. Kwa hiyo usipange marejesho kwa kutumia bei ya mwaka mzuri. Piga hesabu kwa bei mbaya; ikikubali, endelea.

Sasa uanzie wapi?

1. Anza na shamba. Nunua mbegu iliyothibitishwa, acha kurudia ya msimu uliopita. Panda mvua zinapotulia, sentimita 75 kwa 30, ubakize mche mmoja kwa shimo. Weka mizinga jirani, nyuki wanasaidia punje kujaa. Ukitoka gunia 6 hadi 10 kwa ekari, umeongeza mzigo bila kununua ardhi.

2. Kamulisha kwa mwenye mashine. Lipia gharama, na mkubaliane mapema mashudu ni ya nani. Mashudu ni hela, wafugaji wanayatafuta.

3. Ungana na wenzako. Kusanyeni mbegu kavu, pimeni kwa mzani, msikubali lumbesa. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 4 ni ya vijana.

4. Mashine ije mwisho, mkiwa na uhakika wa gunia za miezi mitatu, ghala, na hela ya kununulia mzigo. Hapo tengeni pia gharama ya mashine ya kuchujia na alama ya ubora ya TBS, maana bila hiyo mtaishia kuuza madumu barabarani.

Mwaka 2021 Serikali iliichagua Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mikoa ya kimkakati ya alizeti. Soko lipo. Chukua daftari leo, andika gunia zako za msimu uliopita, gawa kwa 40. Siku utakazopata ndizo zitakazokujibu.