Risasi Haitafuti Moyo

Siku ya kuchinja mbuzi, kazi ya watoto ni kushika miguu. Niliifanya sana nilipokuwa mdogo kule Bunda, na kama watoto wengi nilidhani moyo wa mnyama uko katikati ya ubavu, pale palipovimba. Baba mdogo alipopasua kifua akaniita nione. Moyo ulikuwa chini kabisa, umelalia kidari, katikati ya viwiko vya miguu ya mbele. Mapafu yalikuwa yameuzunguka na kupanda kuelekea mgongoni. Nyuma yake kiwambo, kisha ini, kisha tumbo lililojaa majani. Kile kilichovimba ubavuni kumbe ni tumbo.

Swala pala, nyamera na nyumbu wamepangwa ndani vivyo hivyo. Lakini ukikaa na watu wanaozungumzia uwindaji, mazungumzo huanzia kwenye bunduki: ipi kubwa, ipi ya Kijerumani, ipi iliangusha nyati kwa mlio mmoja. Yule mbuzi hatajwi.

Wazee wa upande huu wa Serengeti walikuwa na njia iliyowapunguzia kazi ya kuutafuta moyo. Wawindaji wa Kiikoma na majirani zao walitumia mishale ya sumu, na sumu maarufu ya mishale Afrika Mashariki hutoka kwenye mti wa msunguti. Ndani yake mna kitu ambacho wanasayansi hukiita ouabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali. Ouabaini huvuruga chembe za misuli ya moyo mpaka moyo ukakosa mwendo na kusimama. Kwa hiyo mshale ukiingia pajani au begani, damu yenyewe huichukua sumu na kuifikisha. Mshale wa sumu huutafuta moyo. Risasi haitafuti chochote. Hupita pale pale ilipoelekezwa, na ikikosea kwa shubiri moja umempasua tumbo mnyama atakayekufa kesho kutwa kichakani.

Bunduki basi. Kanuni za uwindaji Tanzania zinataka angalau .375 kwa wanyama hatari kama nyati, na .240 kwa wengine. Namba hizo ni visehemu vya inchi: .375 ni mtutu wa milimita 9.5, na .240 ni milimita 6 na ushei. Bunduki zinazojipakia zenyewe hazitakiwi porini, wala kufyatua ukiwa ndani ya gari. Gobore nalo lina kasoro ya kimaumbile. Mtutu wake ni laini ndani, na gololi hutoka ikiyumba kama mpira uliopigwa kwa ncha ya kiatu. Bunduki ya risasi ina mifereji iliyojipinda ndani ya mtutu, nayo huizungusha risasi. Kwenye .30-06, iliyobuniwa Marekani mwaka 1906, mfereji humaliza mzunguko mmoja kila sentimita 25 hivi. Risasi ikitoka kwa kasi ya mita 820 kwa sekunde, inakuwa inajizungusha zaidi ya mara 3,000 kwa sekunde. Umbali wa mita 100 huumaliza kwa sekunde 0.13, ilhali sauti huhitaji sekunde 0.29. Swala hupigwa kabla hajasikia mlio.

Kwa swala pala dume wa kilo 60, au nyamera wa kilo 130, ile .270 ya mwaka 1925 inatosha na kubaki. Nyumbu dume hufika kilo 250 naye ni mgumu kufa; hapo mimi ningependa .30-06 yenye risasi nzito. Ile .375 ya Holland & Holland, iliyoanza mwaka 1912, inafanya kazi zote hizo na nyati juu yake, ila ina teke. Mtu aliyepigwa teke mara mbili huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na akifumba macho bunduki yake haina ukubwa tena.

Mfano wa bunduki ndogo unaotajwa sana ni wa Walter Bell, Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua ndovu zaidi ya 1,000 kwa ajili ya pembe, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Simtaji kwa kumsifu. Hesabu yake inatia kichefuchefu. Ila Bell alifanya jambo moja ambalo wengi hawakulifanya: alilipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Waliotamani bunduki ya Bell ni wengi. Waliotamani msumeno wake sijawasikia.

Kuna jambo la risasi yenyewe. Neno risasi kwanza ni jina la madini, yale mazito na laini. Risasi ya kuwindia swala huachwa madini hayo wazi kwenye ncha, mengine yakafunikwa ganda la shaba. Ikigonga mwili hufunguka kama uyoga, ikapanuka hata mara mbili. Mwaka 1899, kwenye mkutano wa amani wa The Hague, mataifa yalikubaliana kutotumia vitani risasi za namna hiyo, zile zilizopewa jina la Dum Dum, kiwanda cha silaha karibu na Calcutta. Porini mambo yamegeuka. Risasi ngumu isiyofunguka humtoboa swala tundu jembamba, naye hukimbia na uhai wake kwa masaa. Ile iliyokatazwa kwa binadamu ndiyo yenye huruma kwa mnyama, kwa sababu huko nia si kujeruhi.

Sasa pa kulenga. Mnyama akikupa ubavu, fuata ukingo wa nyuma wa mguu wa mbele, panda mpaka theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Hapo nyuma ya ngozi pana sehemu ya juu ya moyo na mapafu yote mawili. Kwa swala pala shabaha hiyo haizidi sahani ndogo. Nyumbu hudanganya: mabega yamepanda na shingo ina manyoya marefu, hivyo jicho huvutwa juu na risasi hupita karibu na mgongo. Tena nyumbu jike ana pembe kama dume, kwa hiyo usipotulia hujui hata unamlenga nani. Akikutazama uso kwa uso, akikupa makalio, au akiwa na mwenzake nyuma yake, mkono unaondoka kwenye kifyatulio. Ndiyo maana wazoefu hubeba miti mitatu iliyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, wakaegemeza bunduki na kusubiri. Kusubiri ndiyo sehemu kubwa ya kazi.

Hata aliyepigwa moyoni hukimbia. Ubongo hubaki na hewa ya sekunde kumi hivi, na kwa mbio za kilomita 60 kwa saa hizo ni mita 160. Hapo husomwa damu. Ya pinki yenye povu ni ya mapafu, yuko karibu. Nyeusi nzito ni ya ini. Ikichanganyika na ukijani wenye harufu, ni tumbo. Vitabu vya Ulaya hushauri kumwacha wa namna hiyo masaa kadhaa alale. Huku kwetu fisi hawajasoma vitabu hivyo.

Yote haya ni kwa mwenye kibali, na kibali hutaja mnyama gani, wapi na lini. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hakuna kibali cha kuwinda kabisa.

Akishaanguka, hasogelewi kwa mbele. Mtu huzunguka kwa nyuma, akagusa jicho kwa ncha ya fimbo ndefu. Likipepesa, bado yu hai, na mwenye kisu husogea upesi, kwa kawaida Mwislamu, ili nyama iliwe na kila mtu. Halafu kifua hupasuliwa, na wote huinama kuangalia risasi ilipita wapi.