Maksai Hujifunza Papo Hapo, Sisi Hungoja Mavuno

Ukitaka kuona somo la saikolojia likifundishwa bila kitabu, nenda kijiji chochote cha uwanda wa Ufipa mvua za Novemba zinapokaribia, uulize wanakofundisha maksai. Fahali mchanga aliyehasiwa hufungwa nira moja na maksai mzoefu wa kimo chake. Siku za mwanzo hapewi plau. Anaburuta gogo tu. Kijana hutangulia na kamba, mtu mzima hufuata nyuma na fimbo, na kila ng'ombe ana jina. Jina linaitwa, kamba inakazwa, mnyama anapiga hatua, na papo hapo kamba inalegezwa. Akisimama, inakazwa tena. Zikipita siku kadhaa kamba inakuwa haina kazi kubwa. Jina likitajwa, shingo inasukuma nira.

Hapo yamefanyika mambo mawili ambayo wataalamu waliyachunguza mbalimbali. La kwanza ni la Mrusi Ivan Pavlov na mbwa wake: sauti ambayo mwanzoni haina maana, ikitangulia mara kwa mara jambo lenye maana, hatimaye mnyama huipokea kana kwamba ndiyo jambo lenyewe. Jina la maksai limekuwa hivyo kwa sababu kila likitajwa kamba hufuata. La pili ni la Mmarekani Edward Thorndike, ambaye mwaka 1898 alieleza jinsi paka waliofungiwa kwenye masanduku walivyojifunza kujitoa. Paka hakukaa akatafakari. Alihangaika, akakwaruza, akabahatika kugusa kitasa, mlango ukafunguka. Safari iliyofuata alihangaika kwa muda mfupi zaidi. Tendo linalofuatwa na nafuu hurudiwa, linalofuatwa na karaha huachwa.

Vitabu vingi vya chuo huishia hapo, kisha vinaingia kwenye majina marefu. Mimi naona jambo kubwa limefichwa kwenye neno dogo: papo hapo. Kijana anayeongoza maksai, akichelewa kulegeza kamba mpaka mnyama ameshasimama tena, atakuwa amemtuza kwa kusimama. Mwaka 1948 G. R. Grice alionyesha kuwa panya wa maabara, akicheleweshewa chakula kwa sekunde chache tu baada ya kuchagua mlango sahihi, hujifunza kwa shida kubwa, na wengine hawajifunzi kabisa. Si kwamba amesahau. Katika sekunde hizo amejikuna, amegeuka, amenusa ukuta, na sasa chakula kimekuja: atajuaje kimeletwa na lipi?

Watanzania tuna mfano bora wa kuliziba pengo hilo la muda. Shirika la APOPO lilianzishwa Ubelgiji mwaka 1997, likahamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mwaka 2000. Pale hufundishwa panya buku, wale wakubwa wenye mashavu ya kubebea chakula, kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua kifua kikuu kwenye makohozi. Mwalimu ana kidude mkononi kinachotoa mlio mkali mfupi. Kwanza panya hufundishwa jambo moja tu: ukisikia mlio, ndizi inakuja. Huyo ni Pavlov. Mlio ukishapata maana, unatumika kumwambia panya ni tendo gani hasa limempatia ndizi. Amesimamisha pua juu ya tundu lenye harufu inayotakiwa, mlio unatoka pale pale, na ndizi inaweza kuchelewa kidogo bila kuharibu somo. Panya mmoja wa Morogoro aliyeitwa Magawa alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na taasisi ya Uingereza iitwayo PDSA, na alikufa Januari 2022.

Kuna somo moja ambalo halihitaji hiyo papo hapo, na kila mla samaki wa Sumbawanga analijua. Umekula mgebuka uliotoka Kasanga jioni, usiku wa manane ukatapika. Asubuhi hospitali inakuambia ni malaria. Umeamini, umemeza dawa, umepona. Lakini harufu ya mgebuka inakugeuza tumbo kwa miezi. John Garcia na Robert Koelling walichapisha mwaka 1966 majaribio yaliyoonyesha kuwa mwili huunganisha kichefuchefu na ladha, wala hauunganishi kirahisi hivyo na mwanga au sauti. Tafiti zilizofuata zikathibitisha kuwa kwa ladha pengo linaweza kuwa la saa nyingi. Ubongo umekuja tayari na dhana yake: tumbo likichafuka, mkosaji ni chakula. Hoja ya daktari haifiki huko chini.

Sasa tuache sekunde na saa, twende kwenye siku na misimu, maana huko ndiko maisha yetu mengi yalipo.

Uwanda huu wa Ufipa una mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma ziitwazo malungu (moja ni ilungu), hasa upande wa Nkasi. Ni minara ya udongo, mingine ikikaribia mita 3 kwenda juu, yenye matundu kuzunguka chini. Haikuhitaji mivuba: joto lilipanda lenyewe na kuvuta hewa kupitia matundu. Chuma kilichopatikana kilikuwa bado na uchafu, kikapelekwa kwenye tanuri ndogo, kintengwe, iliyopulizwa kwa mivuba. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameichunguza kazi hii kwa miaka mingi, na kabla yake J. A. R. Wembah-Rashid aliandika juu ya wafua chuma wa Ufipa. Chuma cha madukani kiliizima kazi hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Mtazame fundi wa ilungu kwa jicho la mwanasaikolojia. Amechimba mawe ya chuma, amechoma mkaa wa miti aliyoichagua, amejenga mnara, amepanga matabaka, amewasha. Moto utawaka muda mrefu bila yeye kuona kinachotendeka ndani. Mwisho atapata chuma au atapata takataka. Kati ya tendo la kwanza na jibu kuna mamia ya matendo: aina ya mti, unyevu wa mkaa, upepo wa usiku, tundu lililoziba. Kama Grice alimchanganya panya kwa sekunde chache, huyu mtu alijifunzaje?

Alijifunza kwa kuweka kila kitu. Alijitenga na mkewe wakati wa kazi, aliweka dawa kwenye tanuri, alifuata miiko yake, na pia alichagua mkaa kwa ustadi ambao wataalamu wa leo wanaushangaa. Vyote vilikwenda pamoja kwa sababu hakuna jibu la haraka lililoweza kuvitenganisha.

B. F. Skinner aliandika mwaka 1948 juu ya njiwa wanane wenye njaa walioletewa chakula kila baada ya sekunde 15, lolote walilofanya. Sita wakajizulia desturi: mmoja anazunguka, mwingine anasukuma kichwa kwenye kona ya juu ya sanduku, kana kwamba hayo ndiyo yanayoleta chakula. Watafiti wa baadaye walibishana naye juu ya tafsiri, na nadhani walikuwa na haki. Kinachobaki ni kwamba matokeo yakija bila kufuata tendo, kiumbe hakai bure, atajitafutia sababu. Lakini mtu anayemweka fundi wa ilungu kundi moja na njiwa hao amekosea. Njiwa hakupata lolote kwa kuzunguka. Fundi alipata chuma, na majembe yaliyolima uwanda huu yalitoka humo.

Jibu zuri zaidi la jinsi fundi alivyojifunza liko jirani, Uganda. Mwaka 2005 Victoria Horner na Andrew Whiten walichapisha utafiti waliowafanyia sokwe wa kisiwa cha Ngamba, Ziwa Victoria. Sokwe alionyeshwa namna ya kutoa chakula kwenye sanduku: kwanza kugonga na kuchokoa juu, jambo lisilo na faida yoyote, kisha kufungua upande. Sanduku likiwa jeusi, sokwe aliiga vyote. Likiwa la kuona ndani, akagundua kuwa juu hakuna kitu, akaruka hatua ya bure. Watoto wa Uskoti wa miaka 3 na 4 walipewa sanduku lile lile. Wao waliiga vyote, hata wakiona ndani.

Sokwe kamshinda mtoto? Kwa siku hiyo, ndiyo. Ila mtoto ana urithi ambao sokwe hana: anaamini kuwa mkubwa anayemfundisha ana sababu, hata asipoiona. Kwa njia hiyo elimu ya jambo ambalo matokeo yake huchelewa huweza kupita vizazi bila yeyote kuijua yote. Matuta ya mviringo ya Wafipa, ntumba, yamepita hivyo. Nyasi hufukiwa ndani ya tuta mvua zikiwa bado zipo, zioze, na msimu unaofuata tuta husambazwa ili udongo ulioshiba uoteshe ulezi. Faida inaonekana mwaka wa pili. Hakuna mtoto angelivumbua hilo kwa kujaribu na kukosea. Aliliiga kwa babu, pamoja na mengine ambayo labda yalikuwa ya bure.

Bei ya urithi huo ni kwamba uongo husafiri gari moja na ukweli. Hapa sina budi kutaja radi. Mtu wa Sumbawanga akienda Dar es Salaam akasema anakotoka, hakosi wa kumtania kuhusu radi za kutumwa. Kwetu utani huo una upande mchungu, kwa sababu radi inapopiga nyumba, bado wapo wanaouliza kwanza marehemu aligombana na nani.

Tuliangalie swali hilo kama hesabu. Ili kujua kama ugomvi unaleta radi unahitaji makundi manne: waliogombana wakapigwa, waliogombana wasipigwe, wasiogombana wakapigwa, na wasiogombana wala kupigwa. Kijiji kinakumbuka kundi la kwanza tu. La pili ni kubwa kuliko yote ya ugomvi, maana nani hajagombania mpaka wa shamba, lakini halina habari. Hakuna anayekuja msibani kusimulia kuwa mwaka jana aligombana na shemeji na hakikutokea kitu. Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza mwaka 1973 kwamba tunapokadiria wingi wa jambo, tunapima wepesi wa kulikumbuka. Nyumba iliyoungua inakumbukwa miaka 30. Na ugomvi, katika kijiji ambacho kila mtu ni ndugu au jirani, ukiutafuta hutaukosa. Radi yenyewe haihitaji mtumaji: Sumbawanga iko mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, mvua zake ni za ngurumo, na watu wanashinda kwenye mashamba ya wazi au wanajibanza chini ya mti mmoja mrefu.

Pengo la muda linaharibu pia shuleni, kwa njia isiyopigiwa kelele. Mtoto amechelewa Ijumaa, anachapwa Jumatatu. Kanuni za nchi zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkono wa mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye, na mjadala wa kuvifuta ni mrefu. Mimi nasema la fani yangu tu. Kiboko cha Jumatatu hakina tendo la kukishika. Kinachokitangulia sekunde hiyo ni sura ya mwalimu, lango la shule, kengele. Pavlov hachagui: mtoto atajifunza kuogopa hivyo, na wiki ijayo akichelewa dakika tano ataona bora asije kabisa. Madaftari nayo yako hivyo hivyo. Hesabu iliyosahihishwa baada ya wiki tatu humfundisha mtoto alama yake, haimfundishi alipokosea, kwa sababu njia aliyoipita kichwani imeshafutika. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kusahihisha yote siku ile ile, najua. Anaweza kuuliza swali moja, wote waandike jibu, kisha alitoe jibu ubaoni kabla hawajaweka kalamu chini. Hapo kila mtoto amepata mlio wake wa Morogoro.

Kwa mkulima dawa ni nyingine, maana mahindi hayawezi kuharakishwa. Huwezi kufupisha muda kati ya mbolea na gunia. Unachoweza ni kupunguza sababu zinazogombania sifa. Mtu aliyebadili mbegu, akaongeza mbolea, akapanda mapema, na mvua ikawa nzuri mwaka huo huo, akivuna vizuri hajajua lolote, na muuza mbegu na muuza mbolea kila mmoja atampongeza kwa bidhaa yake. Shamba darasa la maafisa ugani limejengwa juu ya wazo hilo, ingawa mara nyingi linaelezwa kama mahali pa kuonyeshea mahindi marefu. Mahindi marefu peke yake hayafundishi kitu. Kinachofundisha ni mistari miwili iliyo jirani, mbegu moja, siku moja ya kupanda, palizi moja, mmoja una mbolea ya kukuzia na mwingine hauna, na huo usio nayo usionewe huruma katikati ya Januari ukatupiwa kiganja kwa sababu umekuwa wa njano. Vuna kila mmoja peke yake, pima kwa debe lile lile, andika kwenye daftari pamoja na tarehe ya mvua ya kwanza. Mwakani rudia, mistari ikibadilishana nafasi, kwa kuwa huenda upande mmoja wa shamba una rutuba ya zizi la zamani ambalo baba yako alilihamisha wewe hujazaliwa.