Mafia: Saini ya Berlin Iliyochelewesha Uhuru

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Katika kifungu cha 11 limo jina la kisiwa cha Mafia. Uingereza iliahidi kumshawishi Sultani wa Zanzibar aikabidhi Ujerumani mwambao wa bara pamoja na kisiwa hicho, naye alipwe fidia. Sultani Ali bin Said akapokea mark milioni 4, Wajerumani wakatweka bendera yao na kuweka makao Chole, kisiwa kidogo kilicho ndani ya ghuba upande wa mashariki. Mkazi wa Mafia hakuulizwa lolote.

Anayeshuka Chole leo hukutana na magofu ya enzi hiyo hatua chache kutoka gatini. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na mizizi ya mitini imezikumbatia, mingine minene kuliko paja la mtu. Mwaka 1913 utawala ulihamia Kilindoni, ambako meli ziliweza kutia nanga kwa urahisi zaidi, na Chole ikabaki na wavuvi wake na popo wake.

Utajiri wa visiwa hivi ulikuwa nazi, na nyuma ya nazi walikuwapo watumwa. Ndio waliokwea minazi, wakafua kwa kifuo kilichochimbiwa ardhini, wakapasua na kuanika mbata juani, wakapakia majahazi ya kwenda Unguja. Wengi walikuwa watu wa bara waliopitishwa Kilwa, pamoja na wazalia, yaani watoto wao waliozaliwa kisiwani.

Hapo ndipo saini ya Berlin ilipowaumiza. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri iliyouondolea utumwa nguvu ya sheria Unguja na Pemba. Amri ile ilikuwa na kasoro: mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje hadi 1909. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. Lau Mafia ingebaki chini ya Zanzibar, mkwezi wa minazi wa Chole angeweza kuupita mlango huo. Kwa kuwa kisiwa chake kilikwisha kukabidhiwa Wajerumani, alibaki nje.

Wajerumani hawakuufuta utumwa katika koloni lao. Waliupunguza kidogo kidogo, wakichelea kuwaudhi wenye mashamba. Walitoa hati za uhuru kwa makumi ya maelfu ya watu koloni zima. Wengi wao walijikomboa kwa fedha au walikombolewa na wengine. Mwaka 1904 wakatangaza kuwa mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya 31 Desemba 1905 atakuwa huru, lakini mama yake akabaki vilevile. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia na kuifanya kituo cha kuisaka manowari ya Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Hata wao hawakufuta utumwa papo hapo. Ilibidi kungoja sheria ya Tanganyika ya 1922, miaka 25 baada ya amri ya Zanzibar. Katika miaka hiyo wapo watu waliozaliwa, wakafanya kazi na kuzikwa wakiwa mali ya wengine, kwa sababu ya mpaka uliochorwa Ulaya.

Dunia ina mifano mingi ya matamko yaliyowaacha watu nje. Marekani ilitangaza mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa, na mwandishi mkuu wa tamko hilo, Thomas Jefferson, alikuwa na watumwa nyumbani kwake. Utumwa ulifutwa katika katiba ya nchi hiyo mwaka 1865, miaka 89 baadaye. Haiti ilikwenda njia nyingine: waliojitangazia uhuru wao tarehe 1 Januari 1804 walikuwa watumwa wenyewe walioshika silaha.

Baada ya 1922 lilibaki swali la mali. Mwambao una desturi inayotenganisha ardhi na mti: shamba linaweza kuwa la huyu na minazi ya yule. Kwa hiyo mwenye ardhi alimruhusu aliyeachwa huru alime mihogo na mpunga, lakini kupanda mnazi lilikuwa jambo jingine, kwani mnazi huishi miaka mingi na aliyeupanda ana dai. Mtu aliweza kuwa huru kisheria huku akiendelea kukwea minazi ya walewale waliommiliki jana.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Siku inayofuata, 10 Desemba, ni ile ambayo Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Haki za Binadamu mwaka 1948. Katika kalenda siku hizo zimepakana. Katika katiba yetu zilitenganishwa kwa zaidi ya miaka 20. Katiba ya uhuru haikuwa na sura ya haki za raia, na ile ya Jamhuri ya 1962 vilevile. Viongozi walihofu kwamba mahakama zingetumika kukwamisha mipango ya taifa changa. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na raia akaweza kuzidai mahakamani kuanzia Machi 1988.

Matunda hayakukawia. Mwaka 1990, Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake alidai kuwa mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza. Jaji akasema Katiba iko juu ya mila hiyo. Wanawake wa Mafia wangeielewa hukumu hiyo upesi. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake katika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa, mwaka 1965, aliandika kuwa wanawake huko walirithi na kumiliki minazi yao wenyewe, ingawa michache kuliko ya wanaume. Mwanamke mwenye minazi yake na mikeka yake ya kuuza alikuwa na pa kuegemea ndoa ilipomshinda.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, wakati mvulana anangojwa afike 18; kwa kibali cha mahakama yeyote kati yao anaweza kufunga ndoa hata akiwa na miaka 14. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kupinga vifungu hivyo akashinda Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo Oktoba 2019. Serikali ilipewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Oktoba 2020 ilipita bila marekebisho.

Siku hizi mabishano makubwa ya Mafia yamehamia baharini. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1995 ikiwa na kilomita za mraba 822. Mwanaanthropolojia Christine Walley, aliyeishi Chole katika miaka hiyo, alieleza jinsi wavuvi wengi walivyoipokea kwa matumaini, kwa sababu uvuvi wa baruti ulikuwa ukisaga matumbawe yao. Matumaini yakachanganyika na uchungu nyavu zao wenyewe zilipopigwa marufuku na maamuzi yakaonekana kutoka mbali. Upinzani ulikuwa mkali Jibondo, kisiwa ambacho kwa miaka mingi maji ya kunywa yalivushwa kwa mashua na bahari ndiyo shamba lake. Kuyalinda matumbawe ni jambo la haki kabisa. Kumshirikisha mvuvi ni haki pia, na sheria ya 1994 iliyozaa hifadhi hiyo inataka vijiji vishirikishwe.

Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 66,000 wilayani Mafia, na kila aliyetimiza miaka 18 kati yao ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji chake. Basi viongozi wa vijiji waiitishe mikutano hiyo kwa wakati, wasome mapato na matumizi hadharani, na waweke mezani kila pendekezo linalogusa ardhi au bahari kabla halijapitishwa. Bunge nalo limalize kazi liliyoachiwa na Mahakama ya Rufani, ili msichana wa Kilindoni, Kanga au Jibondo asiendelee kusubiri haki ambayo tayari imekwisha kutamkwa.